Harufu Nyuma ya Sanduku la Barafu

Moto ulikuwa chini na barafu ilikuwa juu. Ndivyo nilivyomweleza mdogo wangu siku ya kwanza tulipoliona lile sanduku, naye akanitazama kama mtoto anavyomtazama mtu mzima anayemtania. Nikamwinamisha nikamwonyesha. Chini kabisa palikuwa na tangi la mafuta ya taa, lenye utambi wa mviringo na mwali wa buluu. Nyuma kulikuwa na mabomba meusi yaliyojikunja kama matumbo ya mbuzi. Juu, ukifungua mlango mweupe, ulikutana na baridi ya kuuma meno. Siku hizi watu husema friji, au jokofu. Sisi tuliliita sanduku la barafu.

Lilikuwa la Bibi. Bibi huyu hakuwa nyanya yetu. Alikuwa mwenye nyumba, mjane wa ukoo wa Waarabu wa Omani, na shamba lake la minazi lilikuwa kwenye njia ya kwenda Kigombe. Mwanawe, mfanyabiashara mjini Tanga, ndiye aliyemletea sanduku lile kwa lori, kwa kuwa umeme wa mjini haukufika huko shambani. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Watu walitoka Kigombe kwa miguu kuja kuona maji yanavyogeuka jiwe juu ya moto.

Mama yetu alikuwa akikausha mbata katika tanuri la shamba hilo. Baba alitangulia kufa, na mama akamfuata kabla mwaka haujageuka. Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilikuwa darasa la nne kwa sababu nilichelewa kuanza. Nikafunga daftari langu nikaingia jikoni kwa Bibi. Naye akatupa chumba nyuma ya jiko, mimi na wadogo zangu wawili.

Wawili hao hawakukaa wawili. Wa kati, mvulana, alichukuliwa na ami yetu, ndugu wa baba, akaenda naye Horohoro mara tu matanga yalipoondolewa. Ami alisema mtoto wa kiume hakui jikoni. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba hatutatawanyika, na maneno hayo nilimwambia akiwa bado anasikia. Lakini siku ile nilisimama mlangoni nikatazama mdogo wangu akipandishwa garini. Alipokuja siku ya Idi alinipa mkono kama mgeni. Nikamwuliza huko anakula nini. Akasema, "Kilichopo." Hakucheka mpaka alipoondoka.

Nikabaki na kitinda mimba, msichana wa miaka saba. Tangu mama alipozikwa alikuwa akikojoa kitandani. Kila asubuhi nilitoa mkeka wake, nikauosha kwa maji ya kisima na kuuanika nyuma ya jiko. Watoto wa wakwezi wa minazi walimwimbia kama vikojozi wanavyoimbiwa, naye alitembea ameinamisha kichwa. Bibi hakuwa mtu mbaya. Mwanzoni alisema, "Mwacheni. Macho yakikauka, na huko chini kutakauka." Tukacheka, hata mdogo wangu mwenyewe.

Kazi ya sanduku ilikuwa yangu, kwa kuwa niliweza kusoma ule mchoro uliobandikwa ubavuni. Kila asubuhi nilijaza mafuta, nikakata utambi, kisha nikaingiza kioo kidogo chini na kutazama mwali. Ukiwa wa buluu ni salama. Ukiwa wa manjano utatoa masizi. Sanduku lilisimama ndani ya ghala, kwa kuwa moto wake haukutaka upepo, na dirisha la ghala lilikuwa limefungwa siku zote. Mlango wa ghala ulifungukia ukumbi mdogo ambamo Bibi alitandika msala wake wa kusalia.

Mwaka wa pili barafu ikakataa kuganda. Maji yakawa baridi tu, kama ya mtungini. Bibi akatuma habari mjini, na mwanawe akatuletea fundi. Kusema kweli alikuwa fundi wa karabai na majiko ya pampu, mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Alikuja kwa baiskeli na kuweka sikio lake kwenye mabomba.

"Ugonjwa wake naujua, mama," alimwambia Bibi. "Maji yake ya ndani yamelala. Tutalipindua, kichwa chini miguu juu, lilale hivyo mpaka kesho. Likiamka litaganda mpaka ulichukie."

"Kama mtoto aliyekaa vibaya tumboni," Bibi akasema.

"Hasa. Ila huyu hampigii mkunga makelele."

Wakwezi wawili wakaitwa, wakalipindua. Kesho yake walipolisimamisha, nilisikia kitu kikilia ndani ya mabomba, sauti nyembamba kama ya panya aliyebanwa. Nikamtazama fundi. Alikuwa akijipangusa mikono. Jioni barafu iliganda, na Bibi akampa tende za kupeleka kwa watoto wake.

Harufu ilikuja siku chache baadaye.

Bibi alikuwa katika sala ya Adhuhuri. Nilikuwa nikichambua mchele barazani, nikasikia mnong'ono wake ukikatika katikati, jambo ambalo sikuwa nimelisikia hata siku moja. Kisha akaniita kwa jina la mama yangu, kama alivyozoea akiwa na hasira.

"Mtoto amepita hapa?"

"Hajapita, Bibi. Yuko kisimani."

"Basi njoo unuse."

Nikanusa. Ulikuwa mkojo. Haukuwa mkojo wa asubuhi, bali ule wa zizi la punda lisilofagiliwa, unaopanda puani na kuchoma nyuma ya macho. Niliona aibu kana kwamba ni mimi.

Kwa watu wengine hii ingekuwa harufu mbaya tu. Kwetu ilikuwa najisi. Mkojo ukigusa mahali, sala haisihi hapo mpaka pametoharishwa, na kutoharisha ni kuosha mpaka rangi yake iondoke na harufu yake iondoke. Nikaosha ukumbi. Nikamimina maji, nikasugua kwa kumbi la nazi, nikamimina tena. Harufu ikapungua sakafu ilipokuwa na maji, na sakafu ilipokauka ikarudi. Bibi akahamisha msala hadi upande wa pili wa ukumbi. Siku ya tatu harufu ikamfuata huko. Mwanamke aliyesali maisha yake yote akawa anasimama na msala mkononi katika nyumba yake mwenyewe, hajui pa kuutandika.

"Anaingia ghalani," alisema mwishowe. "Anajificha nyuma ya magunia anakojoa. Humo ndimo harufu inamotoka."

"Bibi, mtoto anakojoa usingizini. Mchana hakojoi ovyo."

"Mchana unashinda naye?"

Nilimwuliza mdogo wangu pembeni, nikamshika mabega. Akaapa kwa kaburi la mama. Nilimwamini, kisha nikarudi ghalani, nikanusa, nikamtilia shaka, kisha nikaona haya kwa shaka yangu. Nilikwenda hivyo siku nyingi, nyuma na mbele.

Mambo mengine yalianza kuonekana mle ghalani ambayo sikumwambia mtu. Chungu waliokuwa wakiandama sukari miaka yote waliondoka, wote, hata njia yao ukutani ikafutika. Nyuma ya sanduku niliokota mjusi mkavu, halafu wawili, halafu sikuhesabu tena. Sinia la shaba la Bibi, lililokuwa limeegemezwa ukutani, likaota ukungu wa kijani chenye buluu. Niliusugua kwa majivu na ndimu ukatoka, na baada ya siku mbili ukarudi. Paka wa nyumba, aliyependa kulala juu ya sanduku kwa sababu ya joto lake, alifika mlangoni, akasimama, akageuka.

Mimi mwenyewe nikiinama kujaza mafuta machozi yalinitoka. Nikadhani ninamlilia mama.

Shaabani ilikuwa inakwenda ukingoni. Bibi hakutaka Ramadhani imkute katika nyumba yenye najisi. Asubuhi moja aliniita akiwa ameketi, na sauti yake ilikuwa ya upole, ikanitisha zaidi.

"Nimetuma salamu Horohoro kwa dereva wa lori. Ami yako aje amchukue mtoto kabla ya mwezi kuandama. Wewe utabaki. Wewe sina neno nawe."

"Bibi, nilimwahidi mama."

"Mama yako angenielewa. Alikuwa mtu wa twahara." Akanyoosha mkono akanigusa shavu. "Si adhabu, mwanangu. Ni mkojo."

Siku iliyofuata nilikuwa nikitwanga manjano kwa ajili ya mwezi. Nilikuwa na kitambaa cha kuchungia unga wake, cheupe zamani, ambacho manjano yalikuwa yamekikolea kikawa kama kiini cha yai. Mafuta ya sanduku yalikuwa yakiisha, nikainuka nacho mkononi, nikaingia ghalani na kukiziba puani. Nilipoinama nyuma ya sanduku nikakiondoa kidogo ili nione tangi, na kitambaa kilikuwa chekundu.

Hakikuwa na doa jekundu. Kilikuwa chekundu chote, rangi ya damu iliyoanza kukauka. Nikadhani ninatoka damu puani. Nikajipapasa, hapana. Nikatoka mbio hadi uani, nikasimama juani nimekishika kwa ncha mbili za vidole, na mbele ya macho yangu ule wekundu ukaanza kufifia. Mwanzo kingoni, kisha katikati. Nilipomaliza kusoma zile aya nilizozijua kwa moyo, kilikuwa cha manjano tena, kama hakuna kilichotokea.

Sikumwambia mtu siku hiyo. Nililala na kitambaa chini ya mto.

Asubuhi mdogo wangu alikuwa amekojoa kama kawaida. Nikatoa mkeka, na kabla ya kuuosha nikafanya jambo ambalo sijui nililitoa wapi. Nikakilaza kitambaa juu ya mkeka uliolowa, nikakaa nikikitazama. Kikalowa. Rangi haikubadilika. Nikaingia ghalani nikakigusisha sakafu, magunia, ukuta, kona ambayo Bibi alisema mtoto anajifichia. Manjano. Nikakipeleka nyuma ya sanduku, karibu na bomba linapojikunja, na kabla sijavuta pumzi mbili kikageuka chekundu mkononi mwangu. Nikaingiza kile kioo cha kutazamia mwali. Kwenye kona ya bomba palikuwa na unga wa manjano, kama chavua, na kila nilipousogelea macho yalijifumba yenyewe.

Nikaenda kwa Bibi na kitambaa. Alikuwa na bibi mmoja jirani, wanakunywa kahawa.

"Shikamooni."

"Marahaba. Una nini, mbona macho yako kama umepikia kuni mbichi?"

"Bibi, harufu si ya mtoto. Inatoka katika sanduku."

Wakatazamana. Jirani akaweka kikombe chini ili acheke vizuri.

"Sanduku linakojoa?" Bibi akauliza.

"Sijui linafanya nini, Bibi. Lakini inatoka humo."

"Chuma kina kibofu?"

"Labda nalo ni yatima," jirani akasema, wakacheka tena wote wawili.

Nikawaambia waje waone. Bibi akaja kwa kunifurahisha, ameziba pua kwa ukaya wake wa kichwani. Nikanyoosha kitambaa nyuma ya sanduku na kukileta mbele yake. Kicheko kikaisha. Jirani akarudi nyuma mpaka akagonga mlango.

"Damu," Bibi akasema kwa sauti ndogo. "Audhubillahi. Hii ni damu."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani nikimwonyesha ataona nilichokiona mimi, bomba na unga. Yeye aliona kitambaa kinachovuja damu bila jeraha. Kabla ya Adhuhuri chetezo kilikuwa kimewashwa, ubani umetiwa ili jini atoke, mlango wa ghala umefungwa na tambara limesukumwa chini yake ili moshi usitoke. Kila kilichokuwa humo kikafukizwa siku mbili. Kwa siku mbili hizo nyumba ilinukia vizuri. Ya tatu harufu ikarudi, na safari hii ilikuwa imechanganyika na ubani, ikawa mbaya kuliko zamani, kama mtu kakojoa msikitini.

"Bibi," nikasema, "jini hatumii mafuta ya taa. Tuzime moto siku tatu tu, tuone."

"Na Ramadhani hii inayokuja, nifuturu maji ya moto? Mwanangu akija akute zawadi yake imezimwa kwa neno la mtoto wa jikoni?" Kisha akapoa. "Barafu yenyewe imeanza kukataa tena. Nimemwita fundi. Atakuja Alhamisi alipindue, na atatazama hilo bomba lako."

"Na ami?"

"Na ami yako Alhamisi. Nimeshasema, sirudi nyuma."

Ningeweza kuuzima moto mwenyewe. Mara nyingi nimejiuliza. Tangi lilikuwa mikononi mwangu kila asubuhi. Lakini nilikuwa msichana mwenye chumba kimoja nyuma ya jiko la watu, na nilihofu kwamba nikiuzima tutafukuzwa wote wawili. Nikaendelea kukata utambi.

Alhamisi asubuhi nilimwogesha mdogo wangu, nikamsuka, nikampaka mafuta ya nazi. Nguo zake mbili nikazitia kikapuni. Mkeka nilikuwa nimeuosha, uko kambani unachuruzika.

"Dada, kule Horohoro nikikojoa watanipiga?"

"Huendi Horohoro."

"Umesema ami anakuja."

"Nimesema huendi."

"Basi kikapu cha nini?"

Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na lile neno tu, nikalishikilia kama mtu anavyoshikilia kamba ambayo hajui upande wa pili imefungwa wapi. Nikamwambia akae barazani, nikaenda kuchota maji.

Niliporudi fundi alikuwa amefika, anaegemeza baiskeli. Mdogo wangu hakuwepo barazani. Nikaita, hakuitika. Nikaenda kisimani, nikaenda kwenye tanuri la mbata ambako alipenda kukaa kwa sababu ya mama, nikazunguka vibanda vya wakwezi. Watoto wakasema hawajamwona. Nyuma yangu niliwasikia wanaume wakiingia ndani na fundi akiwapanga: "Wewe chini, wewe huku. Taratibu. Huyu ni bibi harusi, si gunia la nazi."

Nilikuwa nyuma ya jiko nilipotazama kamba. Mkeka haukuwapo.

Hapo sauti ikatoka ndani ya nyumba. Sijapata kuisikia tena na sitaki kuisikia. Ilikuwa kama chungu kikubwa cha mafuta moto kimemwagiwa maji, ila haikwisha, ilizidi kupanda. Kisha vishindo vya miguu. Wakwezi walitoka wamejifunika nyuso, mmoja akajigonga kwenye nguzo ya baraza na kuanguka. Fundi alitoka anatapika. Bibi alitoka kwa mlango wa mbele bila viatu na bila ukaya, nywele zake nyeupe wazi, na mara ile ile harufu ikatufikia uani. Haikuwa tena harufu. Ilikuwa kofi.

"Bomba limekatika!" fundi alikuwa akipiga kelele. "Kaeni mbali! Msiingie!"

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Hamna mtu. Nimetazama. Hamna mtu ndani."

"Umetazama nyuma ya magunia?"

Akanitazama, macho yake mekundu yanachuruzika.

Nilijua alimo kama ninavyoujua mkono wangu. Mpaka asubuhi ile hakuna aliyeingia tena ghalani isipokuwa mimi. Walimwambia siku zote kwamba anajificha nyuma ya magunia, na siku alipotaka kujificha kweli, alikwenda pale walipomwambia.

Mama alinifundisha kufungua tanuri la mbata. "Lowesha leso ufunge uso," alikuwa akisema, "kisha utambae. Moshi unawapenda waliosimama." Barazani palikuwa na mtungi wa Bibi wa kutawadhia. Nikachovya leso yangu yote humo, nikajifunga pua na mdomo, nikajimwagia yaliyobaki kichwani. Nikamsikia Bibi akiniita, safari hii kwa jina langu mwenyewe. Nikaingia kwa magoti.

Macho hayakufaa kitu. Niliyafumba nikaenda kwa kupapasa. Sakafu ilikuwa ya ukumbi niliouosha mara mia, naijua kila ufa. Kizingiti cha ghala. Mguu wa sanduku, limelala ubavu, linapuliza. Ngozi ya mikono yangu ilikuwa ikiwaka pale palipolowa. Gunia la kwanza, la pili. Nilihisi kifua kinafunga kama mlango. Gunia la tatu nililivuta likaanguka, na nyuma yake mkono wangu ukagusa ukindu uliolowa.

Alikuwa amejiviringisha mkeka wake wote, kichwa na uso, ili asionekane. Mkeka niliouosha asubuhi, bado mbichi kwa maji. Nilimkamata hivyo hivyo na mkeka wake kama mzigo, nikamburuta kurudi kwa njia niliyojia. Kwenye kizingiti mtu alinishika kifundo cha mguu akavuta. Alikuwa fundi, amelala kifudifudi, amefunga shati lililolowa usoni.

Uani walitumwagia maji ndoo baada ya ndoo. Nilipoweza kuona kidogo, nilimwona mdogo wangu mapajani mwa Bibi, chini kwenye mchanga, na Bibi akimwosha macho kwa kiganja chake, akirudia rudia, kama anavyotawadha mtu aliye na haraka ya sala. Mtoto alikuwa anapumua. Kila pumzi ilikwaruza kama msasa. Lakini ilikuja, na baada yake ikaja nyingine.

Hivyo ndivyo ami alivyotukuta. Alishuka garini barabarani, akaja kwa njia ya minazi akiwa na kofia yake nzuri, na alipofika uani akasimama na kuziba pua.

"Lahaula! Nani kakojoa hapa?"

Hakuna aliyecheka. Wakwezi wakatazama chini. Bibi hakuinua kichwa.

"Sanduku langu," akasema.

Ami akadhani anataniwa. "Bibi, nimekuja kwa ajili ya yule mtoto kikojozi, kama ulivyoniagiza."

"Nilikuagiza kwa jambo la uongo. Mtoto haendi."

"Lakini nimetoka Horohoro..."

"Na njia ya kurudi unaijua."

Sijui nguvu ile niliitoa wapi, maana sauti ilikuwa imenikauka. Nikamwambia, "Ami, ukirudi, mwambie kaka wa huyu mtoto naye arudi. Nitamfuata mwenyewe kama hukumleta." Ami akaweka sawa kofia yake, akageuka kwenda barabarani. Mdogo wangu wa kati nilimfuata kweli, lakini ilikuwa baada ya miezi mingi, na nilipompata alikuwa amekua, na jambo la kucheka ilibidi alifundishwe upya.

Sanduku lilitolewa na wanaume wanne baada ya siku tatu, likatupwa mbali chini ya minazi, mlango wazi. Mvua mbili zilipita na nyasi hazikuota karibu nalo. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ndani ya mabomba yale mlikuwa na amonia, hewa inayonuka kama mkojo na kuyageuza manjano kuwa mekundu. Bibi alifuturu Ramadhani ile kwa maji ya mtungini, na hakuniomba radhi, ila kila alipomaliza sala alimwita mdogo wangu aje alaze kichwa juu ya msala wake. Baadaye tulipohamia Nguvumali, mjini Tanga, sisi watatu, alikuwa akitutumia nazi. Mdogo wangu alibaki na sauti ya mkwaruzo maisha yake yote. Wasiomjua hudhani ana mafua.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni asubuhi ya Ijumaa, siku iliyofuata. Usiku kucha nilikuwa nimesikiliza pumzi yake. Kulipopambazuka niliweka mkono juu ya mkeka, na ulikuwa umelowa. Nikamnyanyua taratibu, nikamlaza upande mkavu, nikautoa nje. Kabla ya kuuosha niliuinua mpaka usoni, pua yangu ikiwa bado na vidonda, nikanusa. Ulikuwa mkojo wa mtoto, hafifu, una joto bado.

Nikakaa nao kidogo. Kisha nikaenda kisimani.